Tuwaachie Bibi na Mjukuu Simu Yao

Hotuba kwa wazazi wenye asili ya Afrika Mashariki, Leicester, Uingereza

Wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Ndugu zangu, kina baba na kina mama, habari za mchana. Nawashukuru walioniita, na nawashukuru zaidi nyinyi mlioacha shughuli zenu, maana Jumamosi huku ndiyo siku ya kufua, ya kwenda sokoni na ya kulala kidogo.

Nimeombwa nizungumzie teknolojia inayowaunganisha wazee wetu na wajukuu wao walio mbali. Nitaizungumzia, lakini niseme mapema ninachokiamini. Simu tunazo. Mtandao tunao. Kwa wengi waliomo humu ndani hata pesa ya bando la mama kule nyumbani inapatikana. Wanaosimama kati ya bibi na mjukuu wake ni sisi, kizazi cha katikati. Sisi ndio tunaopiga, ndio tunaochagua la kuzungumza, ndio tunaotafsiri na ndio tunaokata. Mtoto anaitwa mwishoni kabisa, atoe salamu. Nimekuja kuwaomba tuwaachie simu yao.

Waliokulia mwambao wanazikumbuka kaseti. Ndugu aliyehamia Muscat au Dubai alizipata habari za nyumbani kwa njia hiyo. Mzee anawekewa redio barazani, kitufe chekundu kinabonyezwa, anaanza kwa Bismillahi, kisha zinafuata salamu za mtaa mzima, mmoja mmoja kwa jina. Jogoo anawika katikati ya maneno. Jirani anayepita anaitwa naye aseme neno. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na mzee alizitumia zote. Inafungwa, anapewa msafiri, na jibu linakuja wakati wake. Ilikuwa njia ya polepole sana, lakini mzee alikuwa na upande mzima wa kaseti na hapakuwa na wa kumkatiza. Alisema alichotaka kusema, mpaka kikaisha.

Zikaja zama nyingine: kadi za salamu zilizosomwa redioni, foleni ya simu posta, kadi za kukwangua ambazo dakika zake ziliyeyuka kabla hujafika kwenye la maana. Kabla ya 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na nzito. Julai mwaka huo mkongo wa Seacom, waya wa intaneti uliolazwa chini ya bahari, ukaanza kazi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS nao ukafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata 2010. WhatsApp ikaongeza ujumbe wa sauti 2013, simu za sauti 2015, na simu za video Novemba 2016. Kwa hiyo katika muda usiozidi miaka kumi, mama aliyekuwa akisubiri msafiri alete kaseti akaanza kuuona uso wa mjukuu wake papo hapo. Ni neema kubwa, na mimi sitakaa nikaizoea.

Sasa tuzisikilize simu zetu tunavyozipiga. Ni Jumapili jioni, tumechoka. Salamu zinachukua dakika zake. Yanafuata magonjwa: presha imepanda, goti linauma, dawa zimekwisha. Kisha ada ya mtoto wa fulani, bati lililoezuliwa na upepo, shamba lenye mgogoro. Sauti zetu zinabadilika, tunapunguza maneno, tunaanza kupiga hesabu kichwani. Mtoto yupo kwenye kochi, anaona jinsi uso wa mama yake unavyokunjamana kila jina la bibi likitokea kwenye kioo. Halafu tunamwita: njoo umsalimie bibi. Anakuja shingo upande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Shule inaendeleaje?"

"Nzuri."

Kimya.

"Haya, mpe mama simu."

Wengi mnatabasamu kwa kuwa mnaifahamu simu hiyo. Mtoto huyo ana adabu zake, na bibi huyo mapenzi yamemjaa tele. Wamekutanishwa mahali pasipo na la kufanya, mbele ya mtu wa tatu anayewasimamia, baada ya mazungumzo yaliyomwacha kila mtu na mzigo. Hata watu wazima wawili wangeishiwa na maneno.

Ombi langu ni kwamba simu ya mjukuu ijitenge. Ya pesa na dawa na mashamba ipigwe siku yake, nayo tuipige vizuri, maana wazazi wetu wana haki zao. Ya bibi na mjukuu iwe na siku nyingine, saa nyingine, na mle pesa isitajwe hata kwa fumbo. Mweleze na mama kule nyumbani akuelewe. Mama yangu mwanzoni aliona ajabu: napigiwaje simu isiyo na shida? Baadaye akaanza kujitayarisha, anavaa khanga safi, anakaa mahali penye mwanga. Sasa siku ya simu ya wajukuu hataki kuulizwa habari za goti.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, wa kike ni mke mwenzake. Babu humwita mjukuu wake mchumba na kumdai maji ya kuoga, na mtoto humjibu maneno ambayo akimtamkia baba yake patachimbika. Ndivyo malezi yetu yalivyopangwa. Mzazi anashika ukali, na kwa bibi kuna pa kukimbilia. Mambo mengi mazito, ya kukua, ya mwili, ya kupenda na kuoa, mtoto aliyapata kwa bibi yake kwa njia ya mzaha, kabla mzazi hajapata ujasiri wa kuyagusa. Utani huo hauwezi kufanyika mzazi akiwa ameshika simu na kuielekeza usoni mwa mtoto. Nani atamwita bibi yake "wewe kikongwe, mahari yangu iko wapi?" mama akiwa amemkodolea macho? Ndiyo maana nasema waachiwe. Kaa jikoni, acha mlango wazi kama mtoto ni mdogo, lakini simu iwe mikononi mwake.

Kuhusu saa, wengi tunakosana hapa bila sababu. Tanga na Leicester zinaachana kwa saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto, kwa sababu Waingereza wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mama wa Tanga hayamhusu hayo. Kwake saa kumi jioni ni saa kumi, mwaka mzima. Basi miadi ifungwe kwa saa ya nyumbani, na sisi wa huku ndio tuhangaike na mabadiliko. Sisi tumesema baada ya Alasiri, siku ya Jumapili. Huku inakuwa mchana, saa saba au saa nane, mtoto ameshakula. Walio Minneapolis kule Marekani wana kazi ngumu zaidi, maana wakati wa baridi tofauti ni saa tisa: mtoto akirudi shule saa kumi, kwa bibi ni saa saba usiku. Kwao imebaki asubuhi ya mwisho wa wiki, ambayo ni jioni nyumbani, na siku nyingine zote voisi, yaani ule ujumbe wa sauti.

Na hizi voisi, ndugu zangu, nazipenda kuliko video. Nitawaeleza kwa nini.

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, na bibi yake yuko Pangani. Wana mchezo wao. Jioni bibi anatuma sauti: "Kitendawili!" Anakaa kimya kidogo, anamwachia nafasi ya kuitika ingawa anajua hatamsikia. Kisha: "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni." Basi, amemaliza. Mtoto anaisikiliza asubuhi akifunga viatu, anaitika "Tega!" peke yake ukumbini, na kitendawili anaondoka nacho. Akirudi anajaribu. Ni nyoka? Ni reli? Ni waya wa umeme? Bibi anamrudishia kicheko, kila jibu na kicheko chake. Kesho yake mtoto akachoka, akashindwa, na aliyeshindwa sharti atoe mji. Akatoa Leicester.

Bibi akaupokea kama desturi inavyotaka. "Leicester nimekwenda, Leicester nimefika, wamenipokea kwa..." Hapo akasita. "Mume wangu, hivi huko wananipokea kwa chakula gani? Na nikimaliza kula nitembezwe wapi?" Ikabidi mtoto amjengee mji. Alimpeleka Belgrave Road penye maduka ya sari na sambusa, akampeleka uwanja wa mpira, kisha akamwambia habari ya mfalme. Mnaijua nyote: Richard III, aliyeuawa vitani 1485 na kuzikwa humu mjini, kaburi lake likapotea mpaka mifupa ilipofukuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari. Bibi alituma voisi tatu mfululizo. Mfalme? Chini ya magari? Na hao wajukuu zake walikuwa wapi miaka yote hiyo? Ndipo akatoa jibu la kitendawili, kwamba kamba ndefu isiyofunga kuni ni njia.

Sasa na mtoto anatega vyake. "Mlango wangu hauna bawabu, unafunguka wenyewe." Bibi alisema ni pango la majini, akasema ni mdomo wa samaki, mwisho akatoa mji wa Pangani. Mtoto naye akaupokea: amevushwa mto kwa pantoni, ameoneshwa mamba, amekula samaki wa nazi. Mlango wenyewe ulikuwa wa duka kubwa, ule unaofunguka ukiukaribia.

Tazameni kilichofanyika pale. Hakuna aliyeuliza "shule inaendeleaje", lakini bibi sasa anaujua mji anaoishi mjukuu wake, na mtoto anaijua Pangani ambayo hajaitembelea tangu alipokuwa wa kubebwa. Mtandao ulikuwa wa kusuasua siku zote hizo, wala haukuwazuia. Saa zilikuwa hazilingani, wala hazikuwazuia. Voisi inasubiri, na mtu anairudia mara nyingi apendavyo. Bibi ana nafasi yake isiyo na wa kumkatiza, kama upande wa kaseti. Na bando linaliwa kidogo mno ukilinganisha na video.

Video ina mahali pake, na mahali hapo ni pale mikono inapokuwa na kazi. Binti yangu ni mkubwa, umri ule wa kujibu kwa neno moja. Mazungumzo ya ana kwa ana kwenye kioo yanamtia haya. Lakini siku aliyotaka kujifunza vitumbua simu iliegemezwa kwenye kopo la unga, kamera ikitazama chuma cha vitumbua, nyuso hazionekani kabisa. Mchele ulikuwa umelowekwa usiku kucha, umesagwa na tui, iliki na hamira vimo, umeumuka. Akamimina. Bibi akasema, "Moto mkubwa huo, nausikia." Ni kweli, aliusikia! Mafuta yalikuwa yanapiga kelele, na mama ana miaka mingi ya kuyasikiliza mafuta. Binti akapunguza. "Usiguse. Ngoja uone vitundu juu, vikikauka ukingoni ndipo ugeuze." Wakakaa hivyo karibu saa nzima, wakingojea vitundu, na katika kungojea huko binti akauliza nani alimfundisha bibi, ikatoka habari ya mama yake bibi, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba alisomesha watoto wawili kwa vitumbua vya asubuhi.

Si lazima iwe jikoni. Nawajua wazee wanaowasikiliza wajukuu wao wakisoma Juzuu Amma, mzee anafuatisha na kusahihisha herufi moja moja, na nawajua wengine wanaofundisha nyimbo za kanisani kwa sauti ya pili. Kuna babu anayecheza drafti na mjukuu wake, kila mmoja na ubao wake, wakitajiana kete kwa namba. Kitu chochote kinachompa mzee nafasi ya mjuzi kinafaa. Tukimpa mjukuu kazi ya kumwonesha bibi picha tu, tumemgeuza bibi kuwa mtazamaji, na watazamaji huchoka.

Mtaniuliza habari za watoto wachanga, kwa kuwa kila siku tunaambiwa tuwaepushe na vioo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo 2016 kwamba mtoto chini ya miezi 18 asipewe vioo, isipokuwa kwa kitu kimoja tu: kuzungumza na watu kwa video. Sababu inaeleweka. Watafiti Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walichapisha 2014 utafiti wa watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu. Waliofundishwa maneno mapya na mtu anayewajibu moja kwa moja kwa video walijifunza, karibu sawa na waliofundishwa na mtu aliyekaa nao chumbani. Waliooneshwa rekodi ya video, mtu yuleyule akizungumza bila kuwajibu wao, hawakujifunza. Mtoto anataka kujibiwa. Akicheka, bibi acheke. Akiinua kijiko, bibi aulize kijiko cha nini. Kwa wachanga hao voisi hazitoshi, video ndiyo yao, na mtu mmoja wa huku amshike mtoto na kumsaidia: bibi akisema "pua yako iko wapi", wewe iguse. Dakika chache zinatosha. Mtoto akigeuka na kwenda zake, hajamkosea bibi yake heshima. Ni mtoto.

Sasa masikio, na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu wazee wengi wanaonekana wasahaulifu au wakaidi kumbe hawasikii. Uzeeni masikio hupoteza kwanza sauti za juu, nyembamba. Sauti ya mtoto ni nyembamba. Konsonanti kama s, sh, f na th ziko juu kabisa, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Simu ya kawaida nayo ilijengwa kubeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, zile za juu kabisa hazimo, kwa hiyo sehemu kubwa ya konsonanti hizo inabaki njiani. Ukiyajumlisha hayo, bibi anasikia mlio wa mjukuu bila maneno, naye kwa kuona haya anaitikia "ndiyo, ndiyo, vizuri". Mtoto anajua hakusikilizwa. Dawa yake si kupiga kelele. Mtoto aseme polepole, kwa sentensi fupi, karibu na simu, televisheni ikiwa imezimwa. Simu ya mtandao mara nyingi husikika vizuri kuliko laini ya kawaida, na kwenye video bibi husaidiwa na midomo anayoiona. Visikizi vya waya, vya bei ndogo vya kuchomeka, vimewasaidia wengi kuliko spika ya simu.

Macho vilevile. Mwenye mtoto wa jicho anaona ukungu, na ukikaa na dirisha nyuma yako anaona kivuli chenye nywele. Geuka, mwanga wa dirisha ukupige usoni. Maandishi ya simu yake yakuzwe mpaka mwisho. Mazungumzo ya mjukuu yawekwe kwenye uso wa kwanza wa simu, na picha yake, ili bibi aguse sura anayoijua bila kutafuta majina. Na kitufe cha kurekodi: kwa vidole vyenye baridi yabisi, kukishikilia muda wote ni mateso. Mfundisheni kukisukuma juu kijifunge, aongee mikono ikiwa huru. Jambo dogo hilo limewarudishia wazee wengi maneno.

Wengine wazazi wao wana vitochi, au simu janja ni ya kijana wa nyumbani. Huyo kijana ndiye mhandisi wetu, na hatumheshimu. Ndiye anayechajisha, anayejiunga bando kwenye zile menyu ndefu, anayesema "bibi, shika hivi, usiguse hapo". Mtumieni chake, kwa jina lake, kila mwezi, mbali na pesa ya bibi. Lakini bibi awe na simu yake mwenyewe mkijaliwa, na laini iliyosajiliwa kwa jina lake na alama zake za vidole. Mtu hawezi kumtania mjukuu wake kwenye simu ya kuazima huku mwenye simu anangoja.

Na mtandao utakatika. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikakaa na intaneti ya kuchechemea kwa siku kadhaa. Mwambieni mtoto kabla kwamba siku kama hizo zipo, bibi hajamnunia, na mpigieni kwa laini ya kawaida angalau asikie sauti. Wenye wajukuu Dubai mnajua kuwa kule simu za WhatsApp zimezuiwa miaka mingi, watu wanatumia programu zilizoruhusiwa kama Botim, lakini voisi zinapita bila shida. Vitendawili vinafika.

Nije kwenye Kiswahili. Wapo humu watoto ambao hawakijui, na sisemi hili kumlaumu mtu. Tumefanya kazi za usiku, watoto wamelelewa na shule. Google wanatafsiri Kiswahili tangu 2009, na kwa ujumbe ulioandikwa inasaidia. Mazungumzo hayaendi hivyo. Wala mzazi akikaa katikati kutafsiri kila sentensi hayaendi, maana tunarudi palepale, sisi ndio tunaozungumza. Mimi naona Kiswahili cha kuvunjikavunjika cha mtoto mwenyewe ni bora kuliko Kiswahili chetu kizuri kwa niaba yake. "Bibi, mimi nataka wewe kuja hapa" ni sentensi iliyokamilika machoni pa bibi. Msiwasahihishe mbele yake. Mchezo hauhitaji maneno mengi: tega, nimeshindwa, nakupa mji, bado, geuza, moto. Mtoto akiyahitaji maneno ili amshinde bibi yake, atayatafuta mwenyewe, na ataniuliza mimi jikoni kwa siri, kama anavyoniuliza.

Kuna jambo la hatari ambalo lazima niliseme. Wazee wetu wanatapeliwa. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nyote mnaufahamu. Siku hizi tapeli anaiba kwanza akaunti ya WhatsApp: anamwomba mzee ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwa ujumbe mfupi, akiipata, anaanza kuomba pesa kwa jina lake. Namba hiyo haisomwi kwa mtu yeyote, hata mwenye sauti ya mtoto wake. Na sauti nayo si ushahidi tena, kwa sababu zipo programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi. Bibi anayempenda mjukuu wake akisikia "bibi, nimekamatwa, tuma pesa" kwa kilio, atauza mbuzi. Wekeni neno la familia, lisiloandikwa popote. Kwetu ni rahisi: mjukuu anayelia akiomba pesa, bibi amtegee kitendawili chao. Asiyejua jibu akatiwe simu.

Na hizi sauti tuzitunze. Simu inatumbukia majini, inaibwa, inabadilishwa, na kama hamkuweka nakala kila kitu kimekwenda nayo. Mazungumzo yanaweza kutolewa pamoja na sauti zake na kuhifadhiwa kwenye kompyuta au flashi. Fanyeni hivyo kila baada ya miezi michache, andikeni jina na mwaka. Muulizeni mzee kwanza kabla ya kumrushia mtu mwingine. Utani wa bibi na mjukuu ni wao, na kuna voisi za mama yangu ambazo mimi sijaruhusiwa kuzisikia.

Nimesema mengi. Meza ya nyuma pale kuna vijana wawili waliojitolea, waleteeni simu zenu wawaoneshe namna ya kukuza maandishi, kufunga kitufe cha kurekodi na kutoa nakala za sauti, ili mkifika nyumbani mumwelekeze kijana wa kule kwa simu. Wenye watoto wasiojua Kiswahili kabisa naomba msiondoke. Tukae pamoja nusu saa tuchague vitendawili kumi vyepesi vya kuanzia, na wazee wangu wa safu ya mbele mtusaidie, maana vingine sisi tumeshavisahau.